Waja Mombasa? Maswali mnayoniuliza kila likizo ikikaribia

Shule zikikaribia kufungwa simu yangu haitulii. Binamu wa Nairobi, shemeji wa Tanga, rafiki wa rafiki ambaye hata simjui, wote maswali ni yaleyale na mimi majibu ni yaleyale, mpaka mke wangu akasema si uyaandike tu mahali pamoja upumzike. Haya. Mimi mzaliwa wa Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, kwa hivyo mkiona naipendelea Mji wa Kale mjue ni kweli naipendelea.

Kitu kimoja nkwambie kabla ya yote manake kitarudi kila swali: Mombasa ni mji wa jioni. Mchana jua kali watu wajificha, maduka mengine hufungwa adhuhuri, mgeni ndo yuko barabarani peke yake na chupa ya maji asema mji umepoa. Ngoja alasiri iadhiniwe kisha uuone.

## Kabla hujafunga begi

Nije mwezi gani?

Inategemea wataka bahari au wataka kutembea. Kaskazi ikivuma, kama Disemba hadi Machi, bahari imetulia na maji masafi, lakini joto la Februari usicheze nalo, usiku walala na feni na bado wageuka kama mkate kwa tanuri. Kusi ndo Aprili mpaka Septemba hivi, hewa nzuri, Julai na Agosti hata kuna asubuhi mtu avaa sweta (sisi, si nyinyi wa Limuru), ila bahari ina mawimbi na bichi zajaa mwani. Aprili na Mei ni masika, mvua yaja kwa ndoo.

Ukiniuliza mimi, Septemba mwisho au Oktoba mwanzo. Disemba njoo tu kama huna budi, bei za vyumba zapanda na foleni ya feri yafika mbali.

Nikija Ramadhani si nitakaa njaa?

Hili swali naulizwa na watu ambao hawajawahi kuja Ramadhani. Mchana ni kweli, mahoteli ya chakula ya Mji wa Kale mengi yamefungwa, lakini tao (katikati ya mji) na Nyali utapata chakula kama kawaida, heshima tu ni usitembee ukitafuna na kunywa soda barabarani.

Sasa ikifika alasiri. Meza zatolewa nje kila kona, kaimati, sambusa, katlesi, vitumbua, mkate wa mayai, mkate wa sinia, watu wanunua mbiombio kurudi nyumbani kabla ya magharibi. Kisha adhana, na barabara zabaki tupu kabisa, kama dakika ishirini hivi husikii hata tuktuk. Baada ya taraweh ndo mji waamka upya, watoto wacheza nje saa sita usiku, kahawa yauzwa mpaka karibu na daku. Kwangu mimi hakuna mwezi mzuri zaidi wa kuuona huu mji. Na ukialikwa kufuturu usikatae, nenda na tende au matunda.

Siku ngapi zatosha?

Tatu. Moja ya kisiwani, moja ya bahari, moja ya kulala manake utakuwa umeshiba. Una masaa machache tu? Ruka hadi swali la mwisho kabisa.

## Kufika na kuzunguka

Kutoka Nairobi nipande treni, basi au ndege?

Treni, kama hujawahi. Imeanza 2017, ni masaa tano au sita hivi, na yapita katikati ya Tsavo kwa hivyo ukikaa dirishani waweza kuona ndovu bila kulipa geti. Tangu mwanzo wa 2024 tiketi ya kawaida ni shilingi 1,500 na daraja la kwanza 4,500. Kata mapema kwa simu, Disemba na Pasaka tiketi huisha wiki nyingi kabla, usije ukanipigia mimi nikutafutie, sina mjomba huko.

Ambalo watu hawaambiwi ni kwamba stesheni iko Miritini, si mjini. Ukishuka bado una safari ya kuingia kisiwani, na ukiingia saa ya foleni itakukasirisha kuliko treni yenyewe. Nje pale kuna matatu za mjini, tembea hatua chache usichukue gari la kwanza linalokuvuta mkono. Uwanja wa ndege nao uko ngʼambo hiyohiyo ya bara.

Basi za usiku zipo na ni rahisi, nyingi zatua Mwembe Tayari, hapo uko mjini kabisa.

Na sisi wa Tanga na Dar?

Mpaka wenu ni Horohoro, ukivuka uko Lunga Lunga, kisha barabara moja kwa moja mpaka Likoni. Njooni na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, kitambulisho peke yake kwa Mtanzania hakitoshi, kuna shemeji yangu alirudishwa pale na mkungu wake wa ndizi. Basi zikifika Likoni kuna maji mbele yenu, someni swali linalofuata.

Feri ya Likoni mbona mwaiogopa hivyo?

Hatuiogopi, tumeizoea ndo maana twailalamikia. Mombasa ni kisiwa. Kaskazini kuna daraja la Nyali, upande wa bara kuna Makupa, lakini kusini kwenda Likoni na Diani ni feri. Mtu wa miguu halipi kitu, gari ndo lalipa. Yafanya kazi mchana na usiku, kwa hivyo lile swali la "nikichelewa ngʼambo nitalala wapi" jibu ni utavuka tu, ila usiku zapungua na wasubiri.

Kama una gari na wataka Diani tu bila kuingia kisiwani, siku hizi pita barabara ya Dongo Kundu, hutaiona feri kabisa. Lakini kama hujawahi kuvuka, vuka kwa miguu mara moja. Saa kumi na mbili jioni, watu maelfu wateremka ile njia kwa pamoja, mama na ndoo ya samaki, mwanafunzi, mtu na baiskeli, mbuzi, na hakuna anayemkanyaga mwenzake, wasimama bega kwa bega dakika chache kisha kila mtu na njia yake. Simu weka ndani, begi lete mbele. Na usipige picha pale, askari hawapendi.

Tuktuk, matatu au boda?

Kisiwani tuktuk. Patana bei kabla hujakaa, si baada ya kufika. Ukimuuliza "ngapi mpaka Fort Jesus?" kwa sauti ya mtu anayejua atakwambia bei ya mtu anayejua, ukimuuliza huku wafungua ramani kwenye simu, basi tena. Kwenda Bamburi au Mtwapa panda matatu. Boda mimi sipandi, kila mtu na roho yake.

## Kula

Nikifika nianze kula nini?

Hapa ndo wageni wakosea, waenda kwa jina la chakula badala ya kwenda kwa saa. Chakula cha Mombasa kina saa zake, ukiuliza mbaazi saa nane mchana utaangaliwa tu.

Asubuhi ni mahamri na mbaazi. Mahamri yamekandwa na tui na iliki, yamefura ndani hewa tupu, na mbaazi zimepikwa kwa tui zito. Wauzaji ni akina mama milangoni au vibandani, yaanza alfajiri na kufika saa tatu sufuria yaoshwa. Mchana ni wali wa nazi na samaki wa kupaka, au pilau, na Ijumaa baada ya swala biriani, mji mzima wanuka biriani. Halafu kiasi cha saa kumi moto wa karai wawashwa: viazi karai, bhajia, kachori, mihogo. Usiku mishkaki, kuku wa mkaa, na mkate wa mofa ukimpata anayeuza manake wapikaji wenyewe wapungua. Wanaotaka kukaa mezani na familia waende Tarboush pale Makadara wale na mkate wa ajemi, hapo hata mgeni wa mara ya kwanza hapotezi.

Mwisho wa yote kahawa chungu. Utaisikia kabla ya kuiona, muuzaji agonganisha vikombe. Ina tangawizi, yatoka kwa dele (birika la kahawa) juu ya makaa, yanyweka na haluwa au kashata. Usiitie sukari. Usimuombe maziwa, tafadhali, nimeshaaibika na mgeni wangu mara moja.

Viazi karai ni viazi tu vya kukaanga?

Sasa hapa mwanitafuta ugomvi. Kiazi kwanza chachemshwa, kisha chavikwa uji wa unga wenye manjano na chumvi, chaingia mafuta moto mpaka gamba likaze. Kiazi bila ukwaju mzuri ni kiazi tu. Chapasuliwa katikati, chamwagiwa ukwaju na pilipili, wala kwa mkono umesimama na suruali yako yapata doa, ndo ujue umekula. Kila mtaa una mama wake na kila mtu huapa wa kwao ndo namba moja, wa kwangu simtaji manake foleni tayari ni ndefu.

Lighthouse ndo wapi na kwa nini kila mtu anituma huko?

Ni kando ya bahari barabara ya Mama Ngina, kwenye mdomo wa bandari, chini ya mibuyu mikubwa. Ilitengenezwa upya 2019, sasa kuna viti na njia za kutembelea. Wakazi huenda jioni kukaa tu kupunga upepo, kula mihogo ya kukaanga iliyopakwa pilipili na ndimu, maembe mabichi, achari, mabuyu mekundu yanayogeuza ulimi rangi, na kunywa madafu. Kufanya hufanyi kitu. Watazama meli kubwa yapita karibu mpaka wadhani yaingia sebuleni, kisha warudi nyumbani. Jumapili yajaa, nenda siku ya kazi.

Tumbo langu ni la wasiwasi, nile mtaani kweli?

Kula kilichotoka motoni sasa hivi, mahali penye foleni. Juisi yenye barafu uliza maji yametoka wapi, au kunywa dafu.

Na pombe?

Mji wa Kale hakuna, usitafute. Nyali na Bamburi zipo baa, na wanaotaka kukesha waenda Mtwapa, ambayo kwa ramani ni Kilifi lakini kwa kelele ni yetu.

## Kutembea

Fort Jesus yafaa kulipia au niangalie ukuta kwa nje?

Ingia. Na chukua muongozaji mwenye kitambulisho pale mlangoni, patana kwanza kama tuktuk, manake bila hadithi utaona mawe tu.

Wareno waliijenga hii ngome 1593 hadi 1596, mchoraji ramani alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na ukiiona kutoka juu ina umbo la mtu amelala na mikono. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno wenyewe walimlea na kumbatiza, aliwageuka akaichukua. Wakarudi. Kisha Waomani wakaizingira kuanzia Machi 1696 mpaka Disemba 1698, karibu miaka mitatu watu wamefungiwa ndani, njaa na maradhi vikawaua wengi kuliko risasi. Meli ya msaada Santo Antonio de Tanna ilizama palepale chini mwaka 1697 na vitu vilivyopatikana kwenye mabaki yake viko ndani ya makumbusho. Waingereza wao wakaifanya jela, mpaka 1958. Tangu 2011 ni urithi wa dunia wa UNESCO.

Mimi hupenda kile chumba cha michoro ya mabaharia Wareno, meli na samaki, wamechora ukutani kama vijana wa siku hizi wanavyochora kwenye matatu. Kiingilio chatofautiana kwa Mkenya, mtu wa Afrika Mashariki na mgeni wa mbali, kwa hivyo beba kitambulisho, na hulipi keshi. Nenda saa tisa unusu, jua limelegea, utoke kabla ya saa kumi na mbili uingie moja kwa moja mitaani.

Mji wa Kale nikiingia peke yangu nitapotea?

Utapotea, na si shida. Mitaa ni myembamba lakini kisiwa ni kidogo, ukiteremka wafika majini, ukipanda wafika tao. Anza Fort Jesus, shika Ndia Kuu (ndia ndo njia, kwa Kimvita), angalia juu uone roshani za mbao na milango ya nakshi, endelea mpaka uwanja wa bandari ya kale ambako majahazi yalikuwa yatoka Arabuni na Bara Hindi na kaskazi, yarudi na kusi. Msikiti wa Mandhry ndo ule wenye mnara mweupe uliochongoka, wasemekana ni wa 1570. Kisha panda pole pole kupitia Kibokoni mpaka Marikiti, hapo ni viungo: iliki, mdalasini, pilipili manga, bizari ya pilau, na muuzaji atakunusisha yote mpaka upige chafya.

Vijana watakufuata kukuongoza bila kuulizwa. Sema "shukran, mimi mwenyeji" ukitabasamu. Hataamini lakini atacheka na kukuacha.

Mbona nyumba zote ni nyeupe na buluu?

Amri ya kaunti, 2018, majumba ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe rangi hizo mbili. Wengine wasema mji umependeza, wengine kama baba yangu bado wanuna, yeye nyumba yake ilikuwa ya njano miaka yote na barua zilifika kwa "nyumba ya njano".

Mapembeni nipige picha?

Piga ukipita. Ni pembe za aluminiamu juu ya barabara ya Moi, dakika tano zatosha.

Bichi gani nzuri?

Kwanza uliza maji yajaa saa ngapi, ndo uulize bichi. Bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, ikiwa kali na maji yamekupwa watembea mbali kweli juu ya mawe na mwani kabla ya kuyafikia, na watu hukasirika kama mimi ndo niliyoyatoa. Muulize mvuvi yeyote.

Pirates kule Bamburi ni bichi ya umma, bure, Jumapili na Idi ni kama sherehe, watoto na maboya na ngamia. Nyali imetulia zaidi. Mchanga mweupe wa kwenye picha ni Diani, kaunti ya Kwale, hapo wahitaji siku nzima (na feri, au Dongo Kundu, rudi juu). Bichi boi watakuuzia safari ya mashua, baadhi ni waungwana kabisa, lakini pesa toa ukirudi.

Nina watoto, bahari wamechoka nayo.

Haller Park, Bamburi. Palikuwa shimo la kuchimbia mawe ya saruji, René Haller akaanza kupanda mivinje miaka ya 1970 mwanzoni, leo ni msitu una twiga na kobe wakubwa. Ndo kule kiboko mchanga Owen, aliyeokolewa baharini wakati wa tsunami ya Disemba 2004, alipomfanya kobe mkongwe aitwaye Mzee kuwa mama yake.

## Adabu, lugha na zawadi

Nivae nini?

Bichini vaa ya bichini. Mji wa Kale funika mabega na magoti, mwanamume na wewe pia, kifua wazi si mtindo huko. Mwanamke akiwa na leso begani mambo yake yote rahisi, yuaifunga kiunoni akiingia sehemu za ibada.

Mwanamke peke yangu, salama?

Dada yangu husafiri peke yake na asema Mji wa Kale mpaka isha hivi hana wasiwasi, manake mabaraza yamejaa wazee na kila mtu amwona kila mtu. Kukiwa kweupe hakuna watu, hata mchana, bichi tupu hasa, rudi palipo na watu. Usiku ita tuktuk mpaka mlangoni.

Naweza kupiga picha watu?

Omba kwanza. Mlango piga, mama aliyekaa mlangoni uliza.

Kiswahili changu ni cha bara, mtanicheka?

Kidogo. Usianze na "jambo", hiyo ni ya watalii. Salaam aleikum yafungua milango yote, hata kama si dini yako, na mkubwa mpe shikamoo. Watanzania nanyi msijiamini sana: sokoni nyanya ni tungule, kalimati kwetu ni kaimati. Na leso. Mgeni wangu wa Morogoro aliambiwa na mamangu "nimekuwekea leso chumbani", akatafuta kitambaa cha kufutia kamasi jioni nzima, kumbe ni khanga mbili mpya zimekunjwa kitandani.

Basi hizo leso nazipata wapi?

Biashara Street, duka baada ya duka. Wauza mbili pamoja, na nje kuna fundi akupindia palepale. Soma jina kabla hujalipa! Jina ndo yale maandishi ya chini. Mtu alimnunulia mama mkwe leso kwa rangi tu, nzuri kweli, jina lake lasema habari za wambea. Hajaalikwa tena. Na njoo na mkoba wako wa kitambaa, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017.

## Kesi za pembeni

Nasafiri na mama mzee, hawezi kutembea sana.

Mwambie tuktuk akupitisheni Ndia Kuu pole pole na kurudi, atapata hadithi bila kushuka. Fort ina miinuko na mawe, ikiwa magoti yasumbua ruka. Mpeleke Lighthouse, gari lafika mpaka karibu na viti.

Niko njiani tu, basi langu laondoka Mwembe Tayari saa tatu usiku na nimefika saa kumi jioni. Nifanyeje?

Begi liache ofisi ya basi, uliza kama wana mahali. Tuktuk mpaka Fort Jesus, na usiingie, huna muda. Shika Ndia Kuu mpaka bandari ya kale, rudi juu kupitia Kibokoni, viazi karai viwili vya kwanza utakavyokuta. Saa kumi na moja tuktuk nyingine mpaka Lighthouse, dafu moja, kaa mpaka jua lizame. Saa moja unusu urudi Makadara ule mishkaki. Ukimaliza fuata sauti ya vikombe, kunywa kahawa mbili, si tatu, usiku ni mrefu na basi halisimami kila unapotaka. Saa mbili unusu uwe Mwembe Tayari.